Bloku ya zamani au biopsi mpya: uanze na ipi kuthibitisha ugonjwa wa IgG4?

Chukua mgonjwa wa namna hii. Mzee wa miaka sitini na kitu, miaka saba iliyopita alitolewa tezi ya mate chini ya taya kwa sababu ilivimba, ikawa ngumu, lakini haikumuuma. Ripoti ya maabara ikasema si saratani, ni uvimbe sugu wenye makovu. Akamshukuru Mungu, akaenda zake. Leo mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo imebanwa na kovu lililoota nyuma ya tumbo, kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo) inapanda, na daktari anataja jina ambalo ukoo mzima haujawahi kulisikia: ugonjwa wa IgG4. Ili uthibitishwe panatakiwa kinyama, yaani kipande cha nyama ya mwili cha kutazamwa kwenye hadubini. Kipo kimoja, kimelala ndani ya nta kwenye kabati la maabara fulani: hiyo ndiyo bloku. Kingine kimo tumboni, kimeukumbatia mshipa mkuu wa damu, na kukitoa, yaani biopsi mpya, ni kazi. Kianze kipi?

Msimamo wangu niuseme mapema: mara nyingi anza na cha kabatini. Ila zipo hali ambazo kuanza nacho ni kumpotezea mgonjwa wiki ambazo hana, na hizo ndizo zinazostahili maelezo marefu. Nimeandika kwa ajili ya wagonjwa na ndugu zao wanaotaka kumuuliza daktari maswali yenye maana, na kwa matabibu ambao ugonjwa huu wameusikia darasani tu. Haya hayachukui nafasi ya daktari anayemfahamu mgonjwa.

Ugonjwa wenyewe, na kwa nini uliwapita watu

Huu ni ugonjwa wa kinga ya mwili, uliopewa jina la IgG4, aina moja ya kingamwili (protini za kinga zilizo kwenye damu). Seli za kinga hujazana ndani ya kiungo, kiungo kinavimba hadi kinafanana na chenye saratani, kisha taratibu kovu linachukua nafasi ya nyama nzima. Hupenda kongosho, mirija ya nyongo, tezi za mate na za machozi, figo, eneo la nyuma ya tumbo, aota (mshipa mkuu wa damu), mapafu, tezi ya shingo (thairoidi), hata utando unaofunika ubongo. Unaweza kushika kiungo kimoja leo na kingine baada ya miaka mingi, na kila kiungo kina daktari wake, kwa hiyo hakuna anayeona picha nzima. Wengi wanaopatwa ni wanaume waliovuka miaka 50.

Jina ni jipya kuliko ugonjwa. Mwaka 2001 Hamano na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shinshu, Japani, walichapisha kwamba wagonjwa wenye aina fulani ya kongosho lililojaa makovu wana kiwango kikubwa cha IgG4 kwenye damu. Mwaka 2003 Kamisawa wa Tokyo akaeleza kwamba seli zenye IgG4 zimejaa hata kwenye viungo vingine vya wagonjwa hao hao, akapendekeza kwamba ni ugonjwa mmoja wa mwili mzima. Wataalamu walikutana Boston mwaka 2011, na makubaliano yao ya namna ya kuutambua kwenye hadubini yakachapishwa 2012. Kabla ya hapo kila kiungo kilikuwa na jina lake: Mikulicz kwa tezi za machozi na mate, Küttner kwa tezi ya chini ya taya, Riedel kwa tezi ya shingo, Ormond kwa kovu la nyuma ya tumbo. Ukikuta mojawapo ya majina hayo kwenye ripoti ya zamani, usiipite. Si kila Riedel au kila Ormond ni IgG4, lakini ni sababu tosha ya kuitafuta bloku.

Kwa hiyo mpatholojia, yaani daktari anayesoma vinyama kwenye hadubini, aliyeandika ripoti tuseme mwaka 1998 hakukosea chochote. Swali la kuuliza halikuwepo.

Na elimu yenyewe ya ugonjwa huu kwa sehemu kubwa ilijengwa kwa kufukua makabati. Wapatholojia wa Johns Hopkins, Marekani, walirudia kutazama makongosho yaliyokatwa kwa hofu ya saratani kisha yakakutwa hayana saratani. Katika kila oparesheni 100 za kukata kongosho, 2 hadi 3 zilikuwa zimefanywa kwa ajili ya kongosho la kinga, si saratani. Huko Boston, mwaka 2013, walichapisha matokeo ya kutazama upya vinyama vya wagonjwa 23 wa kovu la nyuma ya tumbo ambalo lilikuwa limeandikwa "chanzo hakijulikani": 13 kati yao walikuwa na IgG4.

Kinachotafutwa ndani ya kinyama

Ni muhimu kukijua, kwa sababu ndicho kinachoamua kinyama kipi kinafaa. Mambo matatu hutazamwa kwa rangi za kawaida za maabara: msongamano wa limfosaiti na seli za plazma (aina mbili za seli za kinga; za plazma ndizo hutengeneza kingamwili), kovu ambalo nyuzi zake zimepishana na kupindana kama ukili wa mkeka, na vena ndogo zilizozibwa na seli na kovu. Kisha inakuja rangi ya kingamwili, ile ya kuonyesha seli za plazma zinazotengeneza IgG4. Huhesabiwa kwa eneo moja la hadubini kwenye ukuzaji mkubwa, na kiwango hutofautiana: kwenye tezi ya mate makubaliano ya 2012 yanataka zaidi ya 100, kwenye kovu la nyuma ya tumbo zaidi ya 30, kwenye figo iliyochomwa kwa sindano zaidi ya 10. Juu ya hapo, katika seli zote zenye IgG (kundi la kingamwili ambalo IgG4 ni aina yake mojawapo), zile za IgG4 ziwe zaidi ya asilimia 40.

Watu wengi, wakiwemo madaktari, hukimbilia hesabu. Hesabu peke yake haina thamani kubwa. Seli zenye IgG4 hujaa pia pembeni mwa saratani, kwenye baadhi ya limfoma (saratani za tezi za limfu), kwenye vaskulitisi ya ANCA (kinga ikishambulia mishipa ya damu), kwenye ugonjwa wa Castleman (uvimbe wa tezi za limfu). Sura ya kovu na vena zilizozibwa ndizo zenye uzito, na kuziona kunahitaji nyama ya kutosha. Shikilia hilo, maana ndipo ulinganisho unapoanzia.

Ukubwa: hapa bloku ya zamani hushinda kwa mbali

Kinyama cha zamani mara nyingi ni tezi nzima, kipande cha kongosho, au donge lililotolewa kwa oparesheni. Mpatholojia anazunguka ndani yake anavyotaka. Biopsi mpya ya nyuma ya tumbo kwa sindano inayoongozwa na CT inatoa vijiti vyembamba kama uzi. Mkeka hauonekani kwenye uzi mmoja. Vena iliyozibwa inaweza kuwa nusu sentimita pembeni mwa pale sindano ilipopita. Matokeo yake ni ripoti inayosema "mabadiliko yanaweza kuendana na", nayo ikisharudi kwa daktari haimsaidii kuamua.

Unaweza kuchagua oparesheni ya tundu dogo badala ya sindano, ukapata kipande cha maana. Hapo gharama, usingizi wa dawa na siku za kulazwa vinaingia, kwa mtu ambaye figo zake tayari ziko mashakani.

Tahadhari moja: kama kinyama cha zamani nacho kilikuwa cha sindano, au sindano nyembamba ya kufyonza seli tu, faida hii haipo. Uliza kabla ya kusafiri.

Wakati: kila kimoja kina nguvu yake

Hapa ndipo pana jambo ambalo naona halisemwi vya kutosha. Kinyama kilichotolewa kabla mgonjwa hajagusa steroidi, dawa za kutuliza kinga kama prednisoloni, ni mali ambayo hutaipata tena. Prednisoloni huzipunguza seli hizi haraka. Mgonjwa akishakunywa wiki kadhaa, hata kama alipewa kwa sababu nyingine kabisa, pumu au jicho, biopsi mpya inaweza kutoka na seli chache na kovu tupu, na mpatholojia akakosa cha kuhesabu. Mikononi mwetu steroidi hutolewa kwa wepesi mno, na dukani zinapatikana. Kwa hiyo hili si jambo la vitabuni. Bloku ya kabla ya dawa inaonyesha ugonjwa ukiwa katika sura yake kamili.

Hata bila dawa, ugonjwa wenyewe huzeeka. Kovu la miaka kumi lina seli chache. Ukichoma leo sehemu iliyokomaa unaweza kupata nyuzi tu, ilhali tezi iliyokatwa miaka saba iliyopita ilikuwa ndiyo kwanza imevimba, imejaa seli. Ndiyo sababu kwenye makovu ya zamani wapatholojia huupa uwiano wa IgG4 kwa IgG uzito kuliko idadi.

Lakini upande wa pili una hoja ambayo bloku haiwezi kuijibu hata iwe nzuri namna gani: inakuambia ulikuwa na nini wakati ule, mahali pale. Haikuambii kilichoko tumboni leo ni nini. Mtu anaweza kuwa na ugonjwa wa IgG4 kwenye tezi mwaka mmoja, na miaka kadhaa baadaye akapata limfoma nyuma ya tumbo. Donge jipya linalokua kwa kasi, homa zisizoisha, kupungua uzito kwa ghafla, tezi zilizovimba kila mahali, chembe za damu zilizoshuka bila sababu: hapo usimwache mtu akuambie "tusubiri bloku". Homa inayojirudia, kwa mfano, ni miongoni mwa mambo ambayo vigezo vya 2019 vya vyama vya wataalamu wa baridi yabisi wa Marekani na Ulaya vinayatumia kumtoa mgonjwa kabisa kwenye kundi la IgG4 hadi sababu nyingine itafutwe.

Na kwetu kuna kifua kikuu. Kifua kikuu cha tezi na cha tumbo kinaweza kuiga karibu kila kitu. Kinyama kipya hugawanywa mara mbili: kipande kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhi nyama) kwa hadubini, kipande kwenye chupa safi isiyo na fomalini kwa GeneXpert (kipimo cha vinasaba vya TB) na kuoteshwa. Bloku haioteshwi, fomalini imeshaua kila kilichokuwa hai. Ni kweli mpatholojia anaweza kuziona granuloma (vinundu vya seli za kinga vinavyoota kwenye TB) na nyama iliyooza kwenye bloku, na akiziona ni hoja nzito dhidi ya IgG4. Lakini kama hofu ya leo ni TB, basi kinyama cha leo ndicho kinachotakiwa. Nimeona watu wakilisahau hili: wanachoma biopsi mpya kwa shida, kisha wanaitumbukiza yote kwenye fomalini.

Utunzaji: swali la kabati, na hasa la kichupa

Bloku ya nta yenyewe ni imara kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2008 Michael Worobey na wenzake walichapisha kwamba wamepata vipande vya virusi vya UKIMWI ndani ya kinyama cha tezi kilichotolewa mwaka 1960 huko Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, kikakaa ndani ya nta karibu miaka hamsini. Na kilikuwa kimehifadhiwa kwa kimiminika cha Bouin, ambacho ni kikali kwa vinasaba kuliko fomalini. Protini za IgG kwenye bloku ya miaka saba, kumi, hata ishirini kwa kawaida bado zinashika rangi.

Tatizo kubwa hutokea kabla ya nta. Fomalini hupenya nyama kwa takriban milimita moja kwa saa. Tezi nzima ikitumbukizwa bila kupasuliwa, kwenye fomalini kidogo, katikati huoza wakati ganda la nje linaonekana zuri. Sote tunajua mgonjwa anavyokabidhiwa kichupa abebe mwenyewe hadi maabara nyingine, kikakaa Ijumaa hadi Jumatatu. Kwa vipimo vya kingamwili, muda wa kati ya saa 6 na 72 ndani ya fomalini iliyotengenezwa sawasawa ndio unaopendekezwa kwa saratani ya matiti, na ni mwongozo mzuri hata hapa. Fomalini isiyo na bafa (kemikali ya kuzuia isiwe na asidi) huacha chembe nyeusi juu ya nyama. Kinyama cha mfupa kilicholainishwa kwa asidi nacho hupoteza protini nyingi.

Biopsi mpya inakupa nafasi ya kuyafanya haya yote sawasawa, mradi mtu awaambie watu wa chumba cha upasuaji kabla, si baada.

Sasa swali ambalo ningependa kila mgonjwa alijue, kwa sababu ni la bure: je, rangi ya IgG ya kawaida ilishika? Kama kwenye slaidi hiyo hiyo hakuna seli ya plazma hata moja iliyoshika rangi ya IgG, wakati hadubini inaonyesha seli za plazma zipo, bloku imekufa. Sifuri ya IgG4 kwenye bloku iliyokufa haimaanishi kwamba ugonjwa haupo. Maabara nyingine huongeza CD138, ambayo huonyesha seli za plazma zote, ili kuwe na cha kulinganishia rangi ya IgG inapochafuka. Ripoti inayosema "IgG4 hasi" bila kusema IgG ilikuwaje, irudishe kwa heshima uulize.

Jingine: slaidi tupu zilizokatwa zamani si sawa na bloku. Nyama iliyokwisha kukatwa nyembamba na kulala kwenye kioo hupoteza uwezo wa kushika rangi kadiri miezi inavyopita. Ukiambiwa "bloku hatuna ila slaidi zipo", hizo zilizokwisha kupakwa rangi bado zinafaa kutazamwa upya kwa ajili ya mkeka na vena. Kwa hesabu ya IgG4 usizitegemee sana.

Hatari na muda

Hapa sina mengi. Kutoa bloku kabatini hakumuumizi mtu. Kuchoma nyuma ya tumbo, kongosho au figo kuna hatari ya kutoka damu, na mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda lazima azisimamishe kwanza. Tezi ya mate iliyovimba upya au tezi ya machozi ni rahisi zaidi kuifikia. Kama ipo, usimruhusu mtu akuchome tumboni kwa haraka. Biopsi ya ndani ya mdomo, zile tezi ndogo za mate, ni nyepesi kuliko zote lakini mara nyingi haioni kitu hata kwa mgonjwa mwenye ugonjwa.

Kwa muda, bloku ikiwa katika hospitali hiyo hiyo, rangi za kawaida zinatazamwa upya siku hiyo hiyo mpatholojia akiwa na nafasi. Kinachochelewesha ni IgG4 yenyewe. Maabara nyingi za kanda yetu zenye vipimo vya kingamwili ziliyapanga makabati yao kwa ajili ya saratani ya matiti na limfoma, kwa hiyo usidhani kwamba palipo na vipimo vya kingamwili pana na IgG4. Piga simu uulize moja kwa moja. Wakati mwingine bloku itabidi isafirishwe hadi jiji jingine au nchi nyingine, na kutoa sampuli ya binadamu nje ya nchi kuna utaratibu wake ambao maabara itakueleza. Hata biopsi mpya itapita njia hiyo hiyo, kwa hiyo hapa vyote viwili viko sawa.

Kabati nalo lina mwisho wake. Chama cha wapatholojia cha Marekani kinataka bloku na slaidi za upasuaji zitunzwe angalau miaka 10, na nyama yenyewe iliyobaki kwenye fomalini wiki 2 tu baada ya ripoti. Kwetu kuna maabara zilizotunza zaidi ya hapo na kuna zilizohama jengo zikapoteza kila kitu. Bloku ya miaka tisa haina siku za kusubiri: itafute wiki hii.

Vipi kuhusu damu tu, au kujaribu steroidi tu?

Watu watakuuliza, kwa nini tusipime IgG4 ya damu yaishe? Pima, ni rahisi, lakini haikatii shauri. Kikomo kinachotumika sana ni miligramu 135 kwa desilita. Katika kundi la wagonjwa 125 waliothibitishwa kwa kinyama huko Boston, matokeo yao yakachapishwa 2015, waliokuwa na ugonjwa ambao haujaanza kutibiwa walipopimwa, takriban nusu tu ndio walikuwa na kiwango kilichopanda. Upande wa pili, minyoo ya muda mrefu hupandisha IgG4. Matende, kichocho na usubi ni mifano inayojulikana, na anayeishi kando ya Ziwa Victoria au mwambao wa Bahari ya Hindi anaweza kuwa na IgG4 ya juu kwa sababu isiyohusiana kabisa na ugonjwa huu. Kiwango kikubwa sana, mara kadhaa ya kikomo, kina uzito zaidi. Kiwango kilichopanda kidogo kwa mvuvi wa Mwanza hakina.

Kujaribu steroidi ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi. Ugonjwa wa IgG4 huitikia prednisoloni vizuri, kwa kawaida miligramu 30 hadi 40 kwa siku kwa wiki mbili hadi nne kisha dozi ishuke pole pole. Mgonjwa asiyeitikia, wataalamu hutilia shaka kama anao. Lakini limfoma nayo husinyaa kwa steroidi, kisha hurudi. TB ikipewa steroidi bila dawa zake hujificha, halafu hulipuka. Na baada ya dawa, kama tulivyoona, kinyama kipya hakisemi ukweli wote. Kama figo iko hatarini na hakuna muda, daktari anaweza kuweka bomba la kupitishia mkojo kwanza. Hilo linanunua siku za kutafuta bloku bila kugusa dawa. Ni hoja ambayo ndugu wa mgonjwa wanaweza kuiuliza bila kuonekana wanamfundisha daktari kazi.

Thamani ya kuthibitisha imepanda pia kwa sababu ya matibabu. Kwa wanaorudiwa na ugonjwa kuna dawa ya rituksimabu, na mwezi wa Aprili 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha inebilizumabu kwa ajili ya ugonjwa huu, baada ya utafiti wa watu 135 kuonyesha imepunguza hatari ya ugonjwa kulipuka tena kwa asilimia 87. Dawa za namna hiyo ni ghali, na hakuna bima itakayokusikiliza bila karatasi ya patholojia.

Sasa uchague

Mzee wetu wa mwanzo: bloku kwanza, bila kusita. Tezi nzima, kabla ya steroidi, kiungo kinachojulikana kwa ugonjwa huu, na kovu la nyuma ya tumbo linaloendana na historia hiyo. Ikitoka na mkeka, vena zilizozibwa, seli za IgG4 zaidi ya 100 na uwiano zaidi ya asilimia 40, na CT haina dalili za kutisha, wataalamu wengi hawatamchoma tumboni. Wataanza tiba na kurudia picha, na kovu lisiposinyaa kama inavyotarajiwa ndipo sindano itaingia.

Mama wa miaka 38 aliyetolewa donge la tezi shingoni miaka kumi na miwili iliyopita, sasa ana homa za jioni na donge jipya kwapani: biopsi mpya, donge litolewe zima, na kipande kiende GeneXpert. Bloku ya zamani itafutwe sambamba, lakini isimcheleweshe.

Aliyekatwa kongosho kwa hofu ya saratani na ripoti ikasema ni kongosho sugu: bloku, na hapa hata sioni mjadala. Sehemu iliyotiliwa shaka imeshakatwa, iko kabatini.

Aliyewahi kuchomwa sindano ndogo ya figo, akaandikiwa steroidi kwa miezi, sasa figo zinashuka tena akiwa bado kwenye dozi ndogo: huyu ni mgumu. Bloku ni ya kabla ya dawa lakini ndogo. Biopsi mpya itakuwa ya baada ya dawa, lakini ndiyo itakayoonyesha kama kilichobaki ni kovu la kudumu au ugonjwa ulio hai. Ningefanya zote mbili na kumwomba mpatholojia mmoja azitazame pamoja, slaidi kando ya slaidi, kwa sababu tofauti kati yake ndiyo jibu.

Aliyepata kovu kwa mara ya kwanza na hajawahi kufanyiwa oparesheni yoyote hana cha kuchagua. Bado muulize kama aliwahi kutolewa nyongo, kipande cha tezi dume, au kinundu cha jicho. Watu husahau oparesheni zilizoisha vizuri.

Ukienda kuomba bloku

Nenda na namba ya patholojia iliyo juu ya ripoti, si namba ya faili la hospitali. Makabati hupangwa kwa ile ya kwanza. Kama ripoti imepotea, majina matatu na mwaka wa oparesheni huwa vinatosha kwa mtunza kumbukumbu mwenye subira. Omba bloku zote za oparesheni hiyo. Aliyeikata tezi huenda alitengeneza tano, na ile iliyotumika kwenye ripoti si lazima iwe yenye vena nzuri. Kama hawatoi bloku, omba slaidi kumi hivi zikatwe upya kwenye vioo maalumu vya kingamwili, na zipakwe rangi ndani ya wiki chache. Sisitiza bloku isikatwe hadi iishe.

Mpelekee mpatholojia barua ya daktari inayosema wazi nini kinatafutwa: rangi za kawaida zitazamwe upya kwanza, rangi ya elastini kwa ajili ya vena, kisha IgG4 na IgG kwenye slaidi zinazofuatana, idadi kwa eneo moja la ukuzaji mkubwa na uwiano viandikwe, na kama kuna granuloma, usaha au nyama iliyooza, isemwe. Aambiwe pia tarehe ambayo mgonjwa alianza steroidi kwa mara ya kwanza, hata zile za pumu. Ambatisha picha za CT au angalau ripoti yake.

Bloku husafiri kwa basi au ndege kwenye bahasha ngumu, haihitaji barafu. Inachoogopa ni joto: nta ya maabara huyeyuka kuanzia nyuzi 56 hivi, na ndani ya gari lililofungwa juani si mbali na hapo. Ibebe mkononi, chukua risiti ya kuipokea, na andika tarehe ya kuirudisha.